Waya mbili nyekundu chini ya dijonkteri moja

Fundi alikuwa ameshika koleo tayari. Kofre ya umeme iko wazi, dijonkteri zote zinaonekana, zile swichi zinazoanguka zenyewe umeme ukizidi. Tumeshakata ku kontere, simu yangu njo inamulika.

"Yaya, mwenye kufunga hii nyumba alikuwa mvivu. Ona mwenyewe. Dijonkteri moja, waya mbili. Hii ya pili ni ya bure. Tunaikata, tunapata nafasi ya kupeleka waya ku chumba ya mama."

Nikamwambia angoje.

Sikuwa na sababu ya maana, paka macho tu. Zile waya mbili nyekundu zilikuwa na unene moja, zilizeeka sawasawa, zilitoka mu tubu moja, na ku dijonkteri zingine zote mule mu kofre kulikuwa waya moja moja. Mtu mvivu anakuwa mvivu pote. Huyu alikuwa mvivu pahali pamoja tu, na hata pale alitumia waya nyingi zaidi. Uvivu gani huo wa kumaliza rulo ya waya?

Fundi akashusha koleo, tukaendelea na mambo ya tole. Lakini ile kitu ilinifuata wiki ile, kiisha ingine, nalala nayo naamka nayo, na zaidi baada ya kuelewa nini ingetokea kama angekata.

Prizi zote zingeendelea kufanya kazi.

## Nyumba ya mtu wa Kitwe

Hii nyumba ya Kampemba, hapa Lubumbashi, tuliinunua kwa familia ya mzee mmoja aliyefanyaka kazi Kitwe, kule Zambia, miaka mingi kiisha akarudi kujenga. Ukitaka kujua mtu aliishi wapi angalia prizi zake. Salon yote ilikuwa na zile za Zambia, matundu matatu bapa na kiswichi pembeni, na mu vyumba vya nyuma wapangaji waliokuja baada yake walitoa zilizovunjika wakaweka zetu za matundu ya duara. Hakuna aliyeacha karatasi. Hapa kwetu nani anaachaka karatasi?

Chumba ya mama tunaijenga nyuma, imeshikana na ukuta wa jikoni, matofali ya kuchoma. Mama anatoka Likasi kuja kukaa na siye, na alishasema wazi kwamba hatakaa mu chumba ya taa moja na ralonji inayopita dirishani. Anataka prizi zake. Televizyo, frigo ndogo, pasi, na resho yake mwenyewe, ile jiko ndogo ya umeme, juu hataki kugombania jiko na mtu, na bei ya makala munaijua.

Basi swali lilionekana dogo: prizi za ile chumba tunazitoa wapi?

## Inatoka, inazunguka, inarudi

Aliyenifungua macho ni jirani wetu, mzee aliyefanyaka umeme Ndola mpaka akachoka. Nilimwomba apite kuangalia. Alitupa jicho moja mu kofre akacheka.

"Hii ni pete, mwanangu. Mwambie kijana wako asiiguse."

Faze, waya inayoleta umeme, inatoka ku dijonkteri, inaingia prizi ya kwanza, ya pili, inazunguka nyumba yote, na ku prizi ya mwisho haiishie, inarudi ku dijonkteri ile ile. Netre, waya inayorudisha umeme, vile vile inarudi ku bari yake, na tere pia, ile ya kupeleka mu udongo umeme uliovuja. Kwa hiyo kila prizi inakula kwa pande mbili. Njo maana wanaruhusu waya ya milimita 2.5 kukaa nyuma ya dijonkteri ya ampea 32, kitu ambacho ku laini ya kawaida fundi mwenye akili wa hapa angekikataa.

Ni mambo ya Waingereza haya. Mu 1942, vita bado inawaka, waliweka kamati ya kufikiria namna watafunga umeme mu nyumba zitakazojengwa vita ikiisha, na shaba ilikuwa haba. Pete inapunguza shaba, mzunguko moja unahudumia nyumba ndogo yote, wenyewe wanasema mpaka mita 100 za mraba. Ripoti ikatoka 1944, na 1947 wakatoa kipimo cha plagi ya miguu mitatu bapa, BS 1363, ile ile iko Zambia na Kenya na Uganda mpaka leo. Mtu wa Lubumbashi akisikia hiyo lazima acheke kidogo, juu miaka ile ile shaba ya Katanga ilikuwa inapanda meli kwenda kwa Waingereza na wenzao, na bado haikuwatosha, vita ilikuwa inaimeza yote. Wakabuni namna ya kufunga nyumba kwa shaba kidogo, na ile namna ikashuka mpaka Rodezia ya wakati ule, Zambia ya leo, ikapita mpaka wa Kasumbalesa, ikaja kunikuta mimi hapa mwenye kuamka kila asubuhi naona shimine ya Gécamines, kampuni yetu ya shaba.

Siye tulibaki na ya Wabelgiji. Laini inatoka ku kofre, inapita prizi kadhaa, inaishia. Dijonkteri ya 16 ao ya 20. Fundi wangu alisoma hiyo, alifanya hiyo, na pete hajawahi kuiona. Kumwita mjinga ni kumwonea.

## Inakatika na hausikii

Sasa fikiria koleo lile.

Laini ya kawaida ikikatika katikati, prizi za mbele zinakufa. Mtoto analia simu haichaji, mama analalamika, fundi anaitwa. Kosa linajitangaza lenyewe. Pete ikikatika hakuna kinachokufa, umeme unapita upande uliobaki na kila prizi inawaka kama jana.

Ni kama wafunge njia moja ya kwenda Kasumbalesa na malori yote yapite ingine. Ku soko bidhaa zinafika, bei haipandi, hakuna anayejua kitu. Paka lami ya ile njia moja njo inajua.

Na dijonkteri haitakusaidia, juu yenyewe ni ya 32 na inafanya kazi yake ya 32. Tena hata ile 32 si ukuta: kwa kanuni zinazozitengeneza, dijonkteri ya namna hii inaruhusiwa kubeba karibu ampea 36 saa nzima bila kuanguka. Waya ya 2.5 mu tubu ndani ya ukuta inabeba kama ampea 24. Piga hesabu mwenyewe ya saa ile umeme unarudi baada ya delestaji, wakati nyumba yote inakimbilia prizi kwa pamoja kabla haujaenda tena: resho mbili za wati 2000, buluari ya kuchemsha maji ya 2000, pasi ya 1200. Kama voltage iko nzuri hiyo ni ampea 31 na kitu. Kongelateri hata hatujaihesabu. Dijonkteri inanyamaza, waya inachemka ndani ya ukuta, na siye tunafurahi kwamba umeme umerudi.

Hiyo njo ilininyima usingizi. Siogopi kazi mbaya inayoonekana mbaya, nitaitengeneza. Hii ingekuwa mbaya na mimi ningemlipa fundi, nimpe na soda juu yake.

## Namna mzee alitaka

Mzee alinielezea kuongeza chumba kwa pete kunafanywaje, na nakubali ni kazi safi. Unachagua prizi iliyo karibu na chumba mpya. Mule ndani kuna waya mbili za faze, moja inakuja na ingine inaendelea. Unazitenganisha. Ile inayokuja unaiunga na waya mpya inayoenda ku chumba ya mama, inapita prizi zake zote, kiisha inarudi kwa waya ingine mpaka pale pale na kuungana na ile inayoendelea. Netre hivyo hivyo, tere hivyo hivyo. Pete inabaki moja, imekuwa ndefu tu.

Njia ya mkato iko pia, kutoa tawi: waya moja kutoka prizi ya pete kwenda prizi ya chumba. Tawi linaruhusiwa kubeba prizi moja tu, ya kimoja ao ya mbili pamoja, na ukitaka zaidi unaweka fyuzi ya 13 mwanzoni mwa tawi. Mama anataka prizi pande zote za chumba. Tawi likaanguka hapo hapo.

Nilikuwa karibu kukubali pete. Kweli. Nilishaanza kuhesabu mita: kwenda kama 12, kurudi 12, mu pete iliyokuwa karibu mita 40.

Kiisha nikauliza swali la kitoto. Kama jiko liko karibu sana na kofre, umeme unagawanyikaje kati ya zile pande mbili?

Haugawanyike nusu kwa nusu. Upande mfupi unabeba zaidi. Mu pete ya mita 40, ukiweka mzigo wa ampea 16 mita 5 tu kutoka ku kofre, upande wa karibu unabeba 14, wa mbali unabeba 2. Na chumba ya mama, na resho yake, iko kule kule ukutani mwa jikoni. Mzigo wote mkubwa wa nyumba ungekaa upande moja wa pete, na upande mwingine ungekuwa kama unapumzika. Ile sifa ya kula kwa pande mbili kwetu ingekuwa nusu ya hadithi.

Mzee akasema pale kwao walikuwa wanajua, wanafikiria mizigo kabla. Sawa. Kwao walikuwa na mtu wa kufikiria.

## Tukapima

Kabla ya kuamua lolote nikataka kujua kama pete yenyewe bado ni pete. Tukakata umeme, tukatoa plagi zote mu nyumba, tukatoa zile waya mbili ku dijonkteri, na netre zake mbili, na tere zake mbili, na mzee akaleta multimeta, chombo cha kupima kinacholia kama waya imeungana toka mwanzo mpaka mwisho.

Faze kwa faze: ikalia. Iko mzima, inazunguka.

Tere kwa tere: ikalia.

Netre kwa netre: kimya.

Fundi akasema betri ya multimeta imekufa. Tukagusisha misumari yake, ikalia. Tukarudia netre. Kimya.

Nitasema wazi, hapo njo wote watatu tulibadilika sura. Maana yake ni kwamba faze ilikuwa inagawana pande mbili vizuri na netre ya kila prizi ilikuwa inarudi kwa upande moja tu, miaka mangapi hatujui, na hakuna taa iliyowahi kufifia juu ya hiyo. Tukafungua prizi moja baada ya ingine. Tuliikuta nyuma ya prizi ya dirisha mu chumba ya watoto, moja ya zile zilizobadilishwa kuwa za duara: mwenye kuibadilisha alipata shida kuingiza waya mbili nyeusi, zile za netre, chini ya skuru moja, akaingiza moja, ile ingine akaikunja nyuma na kuifunga skochi. Prizi ikawaka. Akaenda.

Angalieni, kulia kwa multimeta pekee hakutoshi. Mtu akishaunga katikati ya pete kimakosa inaweza kulia huku kuna prizi zilizobaki nje. Dawa yake ni kupima ukinzani wenyewe: shaba ya 2.5 inakuwa na kama omu 0.0074 kwa mita, kwa hiyo mita 40 zikupe karibu 0.3, na kwanza utoe ukinzani wa nyaya za multimeta yenyewe, juu zile za bei ndogo nyaya zake peke yake zinakuleteaka 0.2 ao 0.3 na unadhani ni nyumba. Faze na netre zikupe namba karibu sawa. Faze yetu ilitoa 0.3. Yule mzee wa Kitwe alipanga kweli.

Fundi hakusema tena neno uvivu.

## Kifuniko cha Bic

Kilichonitoa kabisa ku pete hakikuwa ile netre. Netre unaunga dakika tano.

Nilikuwa nimekaa salon, mtoto wa dada yangu akaja kuchaji simu. Akachukua kifuniko cha kalamu ya Bic, akakisukuma mu tundu la juu la prizi ya Zambia, vifuniko vya ndani vikafunguka, akachomeka plagi yake ya miguu miwili ya duara. Sisi wote tunafanyaka hivyo, mu mji huu yote, na Zambia pia wanafanya.

Lakini plagi ya Waingereza iko na fyuzi ndani yake. Ya 3 kwa vitu vidogo, ya 13 kwa vikubwa. Hiyo fyuzi si mapambo, ni sehemu ya pete. Waliweza kuweka dijonkteri kubwa ya 32 nyuma ya prizi zote juu walijua kila kamba ya taa na ya redio italindwa na fyuzi yake mu plagi. Ukitoa plagi ile na kuweka yetu, fyuzi imetoka mu nyumba. Kinabaki 32 peke yake kulinda kamba nyembamba ya ventilateri. Ikipiga shoti kabisa dijonkteri itaanguka, hapo sibishi. Lakini multiprizi ya sokoni iliyoandikwa ampea 10, mtu akaiwekea resho mbili, inavuta 17, na kwa 32 hiyo ni kazi nyepesi, haitaona kitu mpaka plastiki inuke.

Hapo nikaelewa kwamba pete haiko mbaya. Pete inataka wenzake: plagi yenye fyuzi, multimeta mu mkono wa kila anayebadilisha prizi, na karatasi ndani ya mlango wa kofre. Ku Kitwe labda ilikuwa nao. Kampemba ilibaki peke yake, na kila mpangaji alitoa kipande chake kidogo bila kujua.

## Tulichofanya

Kwa ile prizi ya dirisha, pale netre ilipokuwa imekatwa na yule asiyejulikana, tukakata na faze pia. Pahali pale pale, makusudi, juu ukikata faze huku na netre kule, umeme unatoka kwa laini moja na kurudi kwa ingine, na hapo umetengeneza fumbo jipya. Pete ikawa laini mbili. Ku kofre, zile waya mbili nyekundu zikatengana, kila moja na dijonkteri yake ya 20. Jiko na salon huku, vyumba kule. Ile 32 nikaiweka mu kabati.

Chumba ya mama ikapata laini yake yenyewe kutoka ku kofre, 2.5, dijonkteri ya 20, na resho yake ikizidisha itaanguka ya kwake peke yake na atajua ni yeye.

Na prizi zote za Zambia tukatoa, tukaweka za duara zenye tere. Hiyo iliniuma kidogo, zilikuwa nzuri kuliko hizi, kiswichi chake nilikipenda.

Mzee hajafurahi. "Umeharibu kazi ya mtu," alisema, na anarudia kila akipita. Hoja zake si za bure: 20 haiko 32, na tukiwasha vitu viwili vikubwa upande wa jikoni itaanguka. Imeshaanguka. Watoto wanalalamika. Mimi naona ikianguka inafanya kazi yake, lakini sitaki kujifanya kwamba hakuna bei, ipo, na mama wa nyumba njo anailipa saa ya kupika.

Kuhusu waya, neno moja tu. Rulo ya kwanza fundi aliyoleta kutoka sokoni niliikwaruza na kisu na ndani ikawa nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba juu, hapa, mu mji wa shaba. Aluminiamu inapinga umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba, kwa hiyo hesabu zote za 2.5 nilizoandika hapa juu zinakufa. Fundi aliapa hakujua, na namwamini, juu imeandikwa vizuri sana ku plastiki. Tukarudisha, na muuzaji akaturudishia feza bila kubisha. Hiyo ya kutobisha njo ilinionyesha alijua.

Ku mlango wa kofre nimebandika karatasi ndani ya plastiki: laini gani inaenda wapi, na pete ilikatwa prizi gani. Fundi njo aliiandika kwa mkono wake, akaweka na tarehe.

Imebaki tere. Piketi ya mzee wa Kitwe, kile chuma cha tere kilichopigwa mu udongo, iko nyuma ya jikoni, na sasa tuko mwisho wa kiangazi, udongo umekauka mpaka umepasuka, na tere mu udongo mkavu haishike vizuri. Bila hiyo sitaki kujidanganya na diferansieli ya milliampea 30 ninayopanga kununua, ile inayokata umeme ukivuja. Fundi anasema tumwage maji ya chumvi tumalize. Mzee jirani anasema chumvi itakula piketi na mvua ya kwanza itaibeba, tupige piketi ndefu ishuke mpaka penye unyevu. Kwa hili niko na mzee, na nimeshamwambia, ili apunguze kunisema juu ya pete.